Waya wa taa ya oili umechomolewa, na mimi nimenyamaza

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41, naishi Moshi na wanangu wawili. Baba yao alifariki miaka 6 iliyopita. Naomba usitaje jina langu, maana mambo haya yakimfikia mama kabla sijajipanga, patawaka moto.

Miaka 2 iliyopita nilikopa milioni 8 kwenye Saccos, nikaongezea akiba yangu ya milioni 4, nikanunua Noah ya zamani, hizi zenye injini ya 3S. Nikampa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, abebe abiria Himo hadi Mwika. Tulikubaliana hesabu ya shilingi 30,000 kwa siku, Jumapili ni yake, sevisi ni juu yangu. Mkopo unakatwa kwenye mshahara, 290,000 kila mwezi, kwa hiyo hesabu ndiyo inayotulisha na ndiyo inayomlipia mkubwa wangu ada ya bweni. Mdogo wangu naye ana mke na mtoto wa miezi 3, na ndiye anayeishi na mama kihambani, shamba la ukoo nyumbani. Sijawahi kumdai hesabu mara mbili. Analeta.

Desemba, kama unavyojua huku kwetu, kila Mchaga anarudi nyumbani na gari halipumziki. Siku nyingine alikuwa akiniletea hadi 50,000. Oili ilikuwa imefikia wakati wa kumwagwa, akanikumbusha, nikamwambia avute vute hadi Januari kwa sababu nilikuwa nakusanya ada.

Tarehe 28 tulikuwa na msiba Rombo. Mdogo wangu alikuwa ametangulia na vijana kuchimba kaburi, kwa hiyo gari niliendesha mwenyewe. Tukipanda kutoka Himo, kabla ya Marangu Mtoni, kwenye kona moja kali ile taa nyekundu yenye picha ya birika ikawaka. Ikazima. Kona iliyofuata ikawaka tena. Ndani nilikuwa na mashangazi watatu, masufuria na kreti za soda, na tulikuwa tumechelewa. Sikusimama. Tulipofika pa tambarare haikuwaka tena, nikajiambia ni mlima tu. Sikumwambia mdogo wangu. Hadi leo sijamwambia.

Katikati ya Januari akanipigia: "Dada, taa ya oili inawaka gari likiwa limesimama kituoni." Nikatuma hela ya oili na filta. Siku mbili baadaye akasema fundi amegundua ni swichi tu, ameshamaliza kazi, taa imetulia. Nikamshukuru Mungu.

Sasa Jumapili ya juma lililopita gari lilikuwa kwangu linaoshwa. Nikageuza ufunguo nisikilize redio. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la kahawa, na alitufundisha tukiwa wadogo: kabla hujawasha injini, soma taa. Ufunguo ukifika nusu, taa zote nyekundu ziwake. Isiyowaka ndiyo mgonjwa. Ya betri iliwaka. Ya breki ya mkono iliwaka. Birika halikuwepo.

Nikamwita kijana wa jirani, ni fundi umeme wa magari. Akaingia chini ya gari, akatoka anacheka. Waya wa swichi ya oili umechomolewa, ukaviringishwa nailoni. Akaurudisha. Tukawasha gari mpaka likapata moto. Likinguruma tu bila kukanyagwa, birika linawaka. Ukikanyaga mafuta kidogo, linazima. Oili tulipima kwenye kijiti, ilikuwepo ya kutosha. Kijana akaniuliza, "Mama, niuache hivi?"

Shangazi, nitasema ukweli. Nilimwambia auchomoe, auviringishe nailoni yake kama alivyoukuta.

Mdogo wangu alikuja jioni kuchukua gari. Tulikunywa chai, akamchukulia mkewe mahindi, akaondoka. Leo ni siku ya 9.

Nikimwambia kwamba najua, ni sawa na kumwita mwongo. Nikilisimamisha gari, fundi niliyemuuliza kwa simu anasema huenda beringi za kranki zimelika; anaweza kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akakuta kazi ya laki 4, au injini nzima, milioni 2 na kitu. Sina. Mama akisikia nimemnyang'anya mwanae kazi na ndani kuna mtoto mchanga, atasema mimi ni mwenye roho ya pesa, kama alivyosema nilipomdai kaka yetu mkubwa. Na kuna mtu wa Himo anataka kulinunua gari kwa milioni 9. Yeye anaona liko safi. Usiku nalala nikiwaza nimuuzie tu.

Nimchukulie hatua mdogo wangu, nitengeneze kimya kimya, au niuze yaishe?

Mwalimu, Moshi

*

Marahaba mwalimu, na pole sana. Pole ya msiba, pole ya ada, na pole ya zile siku 9 za kunywa chai na mtu huku mdomoni una jambo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye nailoni. Si ile aliyoiweka fundi wa mdogo wako. Ile ya pili, uliyoagiza wewe. Tutairudia, na sitairudia kwa ukali. Ila niruhusu nianze na gari, kwa sababu mdogo wako na mama yako wanaweza kusubiri hadi Jumamosi, lakini kesho asubuhi Noah hiyo inapanda Marangu na watu ndani.

Mimi si fundi. Nina jirani aliyefungua injini za Toyota tangu enzi za Corolla DX, nikamsomea sehemu za gari bila kukutaja. Alichonieleza nakupa kwa maneno yangu. Birika lile jekundu halipimi wingi wa oili, linapima presha. Ndiyo maana kijiti kinaweza kuonyesha oili imejaa na taa ikawaka vilevile. Pampu inafyonza oili kutoka kwenye sampu kupitia kichujio cha wavu, inaisukuma kwenye filta, kisha kwenye beringi za kranki na juu kwenye kamshafti. Kati ya chuma na chuma panakaa utando mwembamba wa oili, na utando huo ndio unaobeba injini. Presha ikipotea, chuma kinasuguana na chuma. Na hiyo swichi imetengenezwa iwashe taa presha ikiwa imeshashuka karibu na mwisho kabisa, chini ya nusu baa ya presha au hapo karibu. Haikupi onyo la mapema kama taa ya petroli.

Kuhusu tarehe 28, hakushangaa. Oili ikipungua, mlimani na kwenye kona inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inafyonza hewa, taa inapepesa. Ukirudi tambarare inazima. Desemba ile oili ilikuwa imepitiliza muda wake, na kwa kazi ile yawezekana ilikuwa imepungua pia. Hii ya sasa ni sura nyingine: gari la moto, injini inazunguka polepole, taa inawaka, ukikanyaga inazima. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na injini ikizunguka polepole pampu nayo inasukuma kidogo. Kama beringi zimelika, presha inavujia hapo. Lakini pia yaweza kuwa kichujio cha kwenye sampu kimezibwa na tope la oili ya zamani, au filta ni ya bandia, au pampu yenyewe imechoka. Na, nisikilize vizuri hapa, yaweza kweli kuwa swichi mbovu. Zinaharibika. Fundi wa mdogo wako huenda hakudanganya alipoitaja.

Kilichonigusa ni kwamba katika barua yako yote hakuna aliyepima. Fundi wa mdogo wako alisema swichi, akachomoa waya badala ya kufunga swichi mpya. Fundi uliyempigia simu alisema beringi, na gari hajaliona. Wewe unalala ukiiogopa bili ya milioni 2 ambayo bado hakuna aliyeiandika. Kipimo kipo, na ni cha kawaida gereji: wanafungua swichi, mahali pake wanafunga geji ya presha ya mkono, gari linapata moto, wanasoma likiwa linanguruma tu, kisha wanasoma kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Jirani yangu anatumia kanuni ya mafundi ya presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, kwa makadirio, ingawa kipimo halisi cha injini kiko kwenye kitabu chake. Geji ikisoma vizuri, shida ni swichi au waya. Ikisoma chini, ndipo sampu ishushwe, wakianza na kichujio, ambacho ni rahisi, kabla ya kugusa beringi. Waambie pia waimwage oili ya sasa kwenye beseni safi na kuipasua filta ya zamani mbele yako. Ukiona unga unaong'aa kama wa fedha, hiyo ni beringi inazungumza.

Angalizo moja. Huenda ukaambiwa, "Tuweke oili nzito zaidi, au dawa ya kopo, taa itazima." Itazima kweli, mara nyingi. Uliza kwanza geji imesoma ngapi. Oili nzito ikiwekwa kabla ya kupima ni nailoni nyingine, tofauti ni kwamba hii unainunua.

Gari likiendelea hivi, taratibu zake zinajulikana. Mwanzo ni mlio wa kugonga kwa chini, tok tok tok, unaoongezeka ukikanyaga. Baadaye injini inanoki, inakufa kabisa. Gharama hiyo ndiyo unayoiogopa, na kila siku ya kazi inakusogeza karibu nayo. Lakini kuna lingine ambalo hukuliandika, na sidhani ni kwa kutojali, ni kwa sababu linatisha. Injini ikikatika ghafla kwenye mteremko wa kurudi Himo, usukani unakuwa mzito kama umefungwa jiwe, na breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo ni nguvu ya mguu mtupu. Mwenye mguu huo ni mdogo wako. Nyuma yake kuna mama wa mtu na ndizi zake za sokoni.

Sasa tumzungumzie yeye.

Umeandika kwamba kumwambia unajua ni kumwita mwongo. Inawezekana amedanganya. Ila nimefuata barua yako mstari kwa mstari nikihesabu nani alisema nini. Desemba alikukumbusha oili, ukamwambia avute vute. Januari aliona taa, akakupigia. Mara mbili alisema. Mara ya tatu ndipo aliponyamaza, kama ni yeye aliyenyamaza, maana bado hatujui kama alimwona fundi akichomoa waya au aliambiwa tu "tayari". Madereva wengi wanaambiwa "tayari" na wanalipa. Na hata kama alijua, najiuliza makubaliano yenu yanasemaje siku gari likiwa gereji. Je, hesabu inasimama, au inamngoja?

Nakuuliza hivyo kwa sababu nami niliwahi kuwa bosi wa taksi, kwa miezi 11 tu, na iliniisha hamu. Kijana wangu alikuwa mwaminifu wa hesabu kuliko saa ya ukutani. Nilikuja kugundua baadaye kwamba uaminifu huo aliulipia kwa gari langu lenyewe: tairi zilizokwisha, breki zinazolia, kila kitu kinachosimamisha kazi kilifichwa, kwa sababu mimi sikuwa nimemwachia mahali pa kuniambia "leo hakuna hela". Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Nasema uliandika kwa fahari kwamba hujawahi kumdai mara mbili, na mimi niliposoma hapo nikamwonea huruma kidogo.

Na kuna tarehe 28. Mwalimu, wewe pia uliiona taa na hukusema. Ulikuwa na sababu: mashangazi, masufuria, maiti inangoja. Naye kama alinyamaza, ana sababu: mtoto wa miezi 3, mama, 30,000 ya jioni. Huenda zile kona mbili hazikudhuru kitu, huenda zilidhuru. Hakuna wa kujua sasa. Na Jumapili ile, ulipomwambia kijana aurudishe waya alivyoukuta, nadhani hukuwa unaficha gari. Ulikuwa unajipa muda wa kuendelea kumpenda mdogo wako bila kumuuliza. Naielewa sana hamu hiyo. Ila ninyi wawili mmekaa kwenye chai moja, kila mmoja amemfichia mwenzake taa ileile.

Njia ulizozitaja nimezipima kadiri nilivyoweza.

Kutengeneza kimya kimya kunavutia, maana kunalinda heshima ya kila mtu. Ungesema ni sevisi, gari likae siku mbili, lirudi. Ugumu wake ni kwamba yeye ataukuta waya umerudishwa na atajua kwamba umejua, na ukimya utakuwa wa watu wawili wanaojua. Pia fundi atauliza maswali ambayo mwenye majibu ni dereva: ilianza lini, huwaka wapi, oili inapungua kiasi gani kwa wiki.

Kumpa gari dereva mwingine ni haki yako, gari ni lako na mkopo unakatwa kwako. Lakini dereva mpya ataipokea Noah hiyohiyo na presha hiyohiyo. Hatua unayotaka kumchukulia mdogo wako haitaongeza oili kwenye beringi. Kama baada ya kuzungumza utaona imani imekatika kabisa, hilo litakuwa jambo la siku yake.

Kuuza nimekaa nako muda mrefu zaidi, kwa sababu umesema ndiko akili inakokwenda usiku. Milioni 9 ingeweza kuumaliza mkopo. Kuuza gari bovu si dhambi. Magari mabovu yanauzwa kila siku, kwa bei ya ubovu wake, mnunuzi akijua. Ila huyu wa Himo bei yake ameipanga juu ya ile nailoni. Himo ni mji wa watu wanaojuana, na mdogo wako ndiye atakayekutana naye stendi. Halafu jiulize yeye atakula nini mwezi Machi, na mama yako kihambani atakula nini. Ukiamua kuuza baada ya kupima, ukimwonyesha mnunuzi kilichosomwa, huenda akashusha bei, huenda akakimbia. Hiyo ni hasara unayoweza kuihesabu kwa tarakimu.

Kuna njia ambayo hukuiandika: kumwita mdogo wako na kulipeleka gari gereji pamoja, nyote wawili mmesimama pale geji inaposomwa. Ina hatari zake. Anaweza kukasirika. Anaweza kukataa kwamba alijua, na usijue kamwe. Mtapoteza hesabu ya siku hiyo, labda ya wiki, na ada haisubiri. Kwa ada, uongozi wa shule nyingi hupokea mwalimu mwenzao akija kuomba kulipa kwa awamu kabla ya tarehe, kuliko baada yake. Kwa Saccos yako, uliza kama kuna mkopo mdogo wa dharura juu ya huu ulio nao, na uulize makato yatafika ngapi kabla ya kutia saini. Usikope kwa ile milioni 2 ya kukisia uliyotajiwa na fundi kwa simu, kopa kwa karatasi ya fundi aliyepima.

Ukichagua kuzungumza naye, nadhani sentensi ya kwanza ndiyo ngumu, na huenda isiwe ya kwake. Jaribu kuianza na ya kwako: "Mdogo wangu, siku ya msiba Rombo niliiona taa ya oili ikiwaka mlimani na sikukwambia." Kisha nyamaza. Ngoja uone atasema nini. Sijui atasema nini, nisikudanganye. Lakini mtu aliyewahi kukukumbusha oili na kukupigia simu ya taa si mtu asiyeongea.

Mama yako nimemwacha wa mwisho kwa makusudi. Kwa sasa anachoweza kusikia ni kwamba gari limepelekwa kupimwa, na hilo ni kweli. Kama dada na mdogo wake watakuwa wameenda pamoja, itakuwa vigumu kwa mtu yeyote kusema mmoja amemnyang'anya mwenzake.

Kama leo jioni huna nguvu ya mazungumzo hayo, elewa kwamba kuna kitu kidogo unachoweza kufanya hata kabla yake: kumpigia na kusema kesho gari lisipande mlima, lipo la kuzungumza. Maneno mengine yatakuja yenyewe au yatakuja kwa shida.

Niandikie, mwalimu. Unieleze geji ilisoma ngapi, na mlirudi nyumbani mkiwa mnaongea au mmenuniana. Nitajibu vyovyote itakavyokuwa.

Shangazi